Upepo Kwenye Breki za Baba

Mafuta ya breki yana harufu yake. Si ya petroli, si ya dizeli. Ni harufu tamutamu yenye ukali kwa mbali, inayoingia puani na kukwama kooni. Mwezi uliopita nilipeleka kigari changu kwa fundi hapa hapa Sumbawanga, nikakaa kwenye benchi kupiga soga na mama muuza chai, mara fundi akafungua kichupa. Nawaambieni kweli, mguu wangu wa kulia ulinyooka wenyewe, ukakanyaga vumbi, ukang'ang'ania hapo. Mama wa chai akaniuliza kama nimeumwa na siafu. Nikamjibu ni ganzi tu. Ningemwelezaje, na wateja walikuwa wamemzunguka? Lakini ninyi mna nafasi, basi sogeeni niwasimulie.

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, tunakaa Katandala, mtaa wa hapa hapa mjini. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ambayo rangi yake ya asili hata yeye hakuwa na hakika nayo. Huku juu uwandani alibebea mahindi na ulezi. Akishuka bondeni Rukwa alirudi na samaki. Samaki wenyewe wa kupakwa chumvi, wamepangwa kwenye matenga, wanachuruzika maji njia nzima. Kila Jumamosi tulisugua bodi kwa brashi na sabuni mpaka inang'aa, maana Mama alikataa katakata kupanda gari linalonuka kambare. Juu tuliosha sana. Chini, ambako yale maji ya chumvi yalipenya na kulala juu ya vyuma, hakuna aliyewahi kumwagia hata kikombe cha maji. Tuliosha hivyo miaka minne, na tukajiona watu wasafi.

Basi Baba Mdogo akawa anaoa, Muze, huko chini bondeni. Kwa wasioijua nchi yetu: uwanda wa Ufipa ni mpana, unaweza kutembea kutwa nzima upepo ukikupiga usoni, halafu ghafla ardhi inakatika. Hapo ndipo Lyamba, ule ukuta wa milima unaotutenga na ziwa. Barabara inashuka kona kwa kona, upande mmoja jabali, upande wa pili hewa tupu. Kulikuwa na lori moja lililoshindwa kona zamani, bado limelala huko chini, dogo kama kopo la maziwa, na kila tulipopita juu yake Baba alivua kofia. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatano jioni Baba alirudi kutoka Mpui, akazima gari, akabaki amekaa kwenye usukani. Mama alipomfuata kumuuliza, alisema maneno mawili tu: pedali inazama.

Asubuhi yake akaja Fundi Kasiano. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, mcheshi kupita kiasi, na alikuwa na tabia ya kuongea na vyuma. Anambembeleza mzee nati, anamkemea bibi boliti. Alipovua matairi ya nyuma na kugonga zile drami, vifuniko vya chuma vya breki, mpaka zikatoka, ndani kulikuwa kumelowa chapachapa. Vile vichuma viwili vidogo vinavyosukuma viatu vya breki, silinda zenyewe, vilikuwa vimeoza kwa kutu, vinavujisha mafuta. Hilo halikumtisha mtu. Silinda mpya zilipatikana mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kiislamu aliyekuwa na vipuri vya kila gari lililowahi kuzaliwa. Kazi ilikuwa kufungua yale mabomba membamba ya shaba yanayoingia kwenye silinda, maana chumvi ya samaki ilikuwa imeyala, nati na bomba vikawa kitu kimoja.

Kasiano aliingia chini, akachungulia, akacheka.

"Mzee, hawa wamefunga ndoa. Na Wakatoliki hatuna talaka."

Alivimwagia mafuta ya taa, akavifunga kwa vitambaa vilivyoloa, akaviacha. Kila baada ya saa moja anarudi, anajaribu kwa spana, robo ya mzunguko mbele, robo nyuma, huku akinong'ona, "Taratibu mama, taratibu, huna haraka." Upande wa kushoto ukamkubalia Alhamisi alasiri. Tukapiga vigelegele kama tumezaa. Upande wa kulia, nati ikazunguka, na bomba likazunguka nayo. Kasiano akaacha kunong'ona. Nilikuwa nimechuchumaa pembeni nimeshika bakuli la mafuta ya taa, na nilisikia mlio mdogo tu, tak! Bomba lilikuwa limenyongeka na kukatika.

Hakuna aliyecheka tena. Kasiano alikaa juu ya gunia, vidole vinamtoka damu, akatoa ushauri ambao mafundi wengi wangetoa: tulizibe bomba hili la kulia, gari liende kwa breki tatu, baada ya harusi tutaona. Magari mangapi hapa mjini yanatembea hivyo! Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lyamba haishukwi kwa miguu mitatu." Akachukua baiskeli, akaenda Kaengesa, kwa rafiki yake aliyekuwa na kifaa cha kupanulia mdomo wa bomba jipya ili liweze kukazwa. Mwezi wa saba huo, upepo wa baridi unaokata masikio. Alirudi Ijumaa mchana, midomo imepasuka, kifaa kimefungwa kwenye shati lake la akiba kama mtoto mchanga.

Mpaka alasiri bomba jipya lilikuwa mahali pake. Kilichobaki ni kutoa upepo. Na hapo ndipo nilipoingia mimi.

Kutoa upepo ni kazi ya watu watatu. Mmoja analala chini kwenye tairi, anafungua na kufunga skrubu ndogo ya kutolea upepo. Mmoja anasimama kwenye boneti, anaongeza mafuta yasiishe. Wa tatu anakanyaga pedali. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni na sufuria tatu jikoni. Kwa hiyo wa tatu ni mimi, Skola, nimekalia ncha ya kiti, nimeushika usukani kwa mikono yote miwili, mguu umenyooka kama mti. Niwafiche nini, nilijiona waziri. Watoto wa jirani walikuwa wamejipanga kwenye uzio wananitazama.

Kasiano, kabla hajaingia chini, alinifundisha. Aliniambia mafuta hayakubali kubanwa. Ukiyasukuma huku, yanasukuma kule. Lakini upepo unakubali. Ukikaa ndani ya bomba, unakanyaga na wewe unadhani umeshika breki, kumbe unabana upepo. "Upepo ni mwongo," akasema. "Unakuitikia kwenye tambarare, unakukana kwenye kona." Kisha akanipa amri. Nikikwambia kanyaga, kanyaga. Nikikwambia shikilia, ganda hapo hapo, maana skrubu nimeifungua. Ukiinua mguu skrubu ikiwa wazi, gari linavuta pumzi, na upepo wote unarudi. "Usiachie mpaka nikwambie. Hata nyumba ikiwaka moto."

Nikaitikia, ndiyo. Na nilikuwa na nia hiyo kweli. Ila nyumba haikuwaka moto. Alikuja Shangazi Yustina.

Sasa lazima niwaeleze Shangazi Yustina ni nani. Dada mkubwa wa Baba, mjane, anaishi Kaengesa. Yeye ndiye aliyemlea Baba baada ya bibi kufariki. Mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alikuwa mrefu, mwembamba, amenyooka, na kwa Shangazi salamu ilikuwa na utaratibu wake: mtoto wa kike unaacha ulichoshika, unachuchumaa mpaka chini, unapiga makofi madogo, laini, kisha unasema shikamoo na kungoja. Pasaka ya mwaka ule alikuja akanikuta nimekalia kigoda namenya viazi, nikamwamkia hivyo hivyo nimekaa, kisu mkononi. Hakunigombeza. Aliweka kikapu begani, akageuka, akarudi Kaengesa kwa miguu bila hata kunywa maji. Baba alimfuata kwa baiskeli kumbembeleza, Shangazi hakukubali kurudi. Usiku ule Baba hakula. Hakunipiga, ila aliniambia kwamba yule ndiye mama yake, na kwamba nimemfukuza mama yake nyumbani kwake. Jamani, heri angenichapa.

Kwa hiyo fikirieni. Gurudumu la mwisho, la kulia, lenye bomba jipya. Kasiano anasema kanyaga, nakanyaga. Pedali imesimama kama jiwe, tofauti kabisa na mwanzo. Anasema shikilia, nashikilia, pedali inashuka polepole skrubu ikiwa wazi. Na hapo hapo nasikia, "Hodi wenyewe!" Naangalia: Shangazi amesimama hatua mbili kutoka mlango wa gari, ambao ulikuwa wazi, kikapu cha unga wa ulezi kichwani, ananitazama. Mimi nimekaa juu, yeye yuko chini.

Baba kutoka nyuma ya boneti akaitikia, "Karibu dada!" akaacha chupa, akaja akijifuta mikono. Hata Kasiano, uso wake chini ya gari, aligeuza shingo kuelekea miguu ile ya heshima akasema, "Shikamoo mama!" Kwa sekunde chache kila mtu aliiacha kazi yake kwa ajili ya salamu. Na mimi nikateleza kutoka kwenye kiti, nikachuchumaa kwenye vumbi, nikapiga makofi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akanigusa kichwa. Akamgeukia Baba, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye uzio, "Sasa huyu amelelewa."

Nilisikia fahari kwa muda wa kumeza mate. Kisha nikasikia sauti ya spana chini, Kasiano akikaza skrubu. Aliona mafuta yameacha kutoka, akadhani pedali imefika mwisho. Akapaza sauti, "Achia!" Na mimi, nikiwa bado nimechuchumaa nje ya gari, nikajibu, "Nimeachia!"

Uongo wangu wa kwanza ulikuwa huo. Wa pili ulifuata dakika hiyo hiyo. Nilipanda tena, Kasiano akaniambia nikanyage nimwambie kama ni ngumu. Nikakanyaga. Mguu ulizama kidogo, laini, kabla pedali haijashika. Nilijua. Msidhani kwamba mtoto wa miaka tisa hajui. Nilijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini ningesemaje? Niseme nimeachia? Wataniuliza kwa nini. Niseme Shangazi ndiye aliyenifanya niachie? Mbele yake, siku aliyonisifu, baada ya yale ya Pasaka? Kasiano alikuwa ametoka chini, uso mweusi tii kwa grisi, vidole vimefungwa vitambaa, siku mbili hajala vizuri. Baba anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Ngumu," nikasema.

Baba naye akajaribu. Lakini Baba alikuwa na mazoea yake ya kupampu breki, yaani kuikanyaga upesi upesi, mara tatu kabla hajaiamini, na ukipampu mara tatu hata upepo unajikaza. Akaendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, tambarare tupu, gari likasimama vizuri. Watu wakashukuru Mungu. Shangazi akampakulia Kasiano ugali wa ulezi kwa mkono wake mwenyewe. Mimi sikuweza kula. Mama akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Asubuhi tukaondoka. Nyuma kwenye bodi walipanda Mama na mdogo wangu, na akina mama wanne wa kwaya ya jumuiya yetu, wamejifunika mablanketi, wameanza kuimba kabla hata gari halijawaka. Mbele ni mahali pa heshima, kwa hiyo Shangazi alikaa dirishani, mimi nikabanwa katikati, na kushoto kwangu na kulia kwangu nilikuwa na watu wawili ambao nisingeweza kuwaambia kitu. Wakati wote niliutazama mguu wa Baba.

Uwandani breki hazina kazi kubwa. Kuna ng'ombe hapa, shimo pale, baiskeli imebeba magunia. Mara ya kwanza mguu ulishuka kidogo tu. Kwenye kijito, tulipoteremka kwenda darajani, ulishuka zaidi, akapampu mara mbili, akakunja uso. Akajisemea mwenyewe, "Zitakuwa bado hazijakaa." Nyuma wakaanza wimbo mwingine. Nilisikia sauti ya Mama, ya pili, anayoimba siku zote, na juu yake kicheko cha mdogo wangu. Nikaanza kuhesabu kwa mbali miti ya mikaratusi, nikijiambia nikifika ishirini nitasema. Nikafika ishirini. Nikajiambia arobaini. Goti langu likawa linacheza mpaka Shangazi akaniuliza kama nasikia baridi. Nikamwambia ndiyo, Shangazi. Akanifunika kwa kanga yake, na hilo lilinimaliza kabisa.

Miti ikaisha. Mbele yetu barabara ilipinda kidogo, na nyuma ya kona hiyo hapakuwa na nchi tena. Palikuwa na mbingu tu, na chini yake, mbali sana, bonde limejaa ukungu mweupe. Baba akapunguza mwendo ili aingize gia ndogo. Akakanyaga. Mguu ukaenda, ukaenda, nikaona kisigino chake kinakaribia sakafu.

Nikamshika mkono uliokuwa kwenye gia.

"Baba usishuke!"

Alishtuka, akapampu, akavuta breki ya mkono, gari likasimama kwa kuyumba. Nyuma wimbo ukakatika. Akanigeukia, na nilimwona amekasirika kwa sababu ya hofu, macho yamemtoka.

"Wewe una nini?"

"Breki zina upepo, Baba. Niliachia. Fundi alikuwa hajasema, mimi nikaachia."

"Uliachia lini?"

"Jana. Gurudumu la mwisho."

"Kwa nini?"

Hapo nilikuwa nimefika mwisho wa ujasiri wangu. Nilitazama vidole vya miguu yangu kwenye viatu vipya vya harusi, na machozi yakawa yanadondokea kanga ya Shangazi. Baba akauliza tena, kwa ukali zaidi, kwa nini. Injini inanguruma. Na sauti iliyojibu haikuwa yangu.

"Alishuka kunisalimu," alisema Shangazi Yustina.

Baba akamtazama dada yake. Yeye alikuwa anatazama mbele, kwenye ule ukungu. Sijui alikuwa anaona nini. Nafikiri alikuwa anaiona jana yake, hatua kwa hatua: mtoto amekaa juu, mikono kwenye usukani, mguu umenyooka, mtoto anateleza chini. Hakuwa anajua lolote kuhusu magari, lakini alijua kuunganisha mambo.

Baba akazima gari. Alivua koti la harusi, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Watu wakashuka, wakatafuta mawe ya kukinga matairi. Spana namba kumi alikuwa nayo, na mafuta ya breki yalikuwa yamebaki kama nusu kichupa. Akamkabidhi Mama kichupa asimame kwenye boneti. Akalala chini kwenye changarawe na shati lake jeupe. Halafu akaniita kwa jina langu lote, Skolastika, akasema, "Panda."

Nilipanda. Kanyaga. Nikakanyaga. Shikilia. Na hapo, mlangoni, akaja Shangazi. Alisimama mahali pale pale aliposimama jana, mimi juu, yeye chini. Mwili wangu wote ulitaka kushuka, nawaapia, kama vile mtu ananivuta kwa kamba. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya goti langu, akakandamiza chini kwa nguvu zake zote.

"Usiinuke," akasema. "Hata mimi nikija, usiinuke."

Vidole vyake vilikuwa vya mtu wa jembe. Vilinibana goti mpaka mfupa. Baba alikuwa anapaza sauti kutoka chini, "Upo! Upo bado!" maana mafuta yalikuwa yanatoka na mapovu, yanatema. Funga, achia, kanyaga, shikilia. Wakati huo watu wa bondeni walikuwa wanapanda na baiskeli zao za samaki, wanasukuma, wanahema, na kila aliyefika alisimama kutoa salamu, maana ndivyo ilivyo kwetu, hupiti watu barabarani kimya. Shangazi hakuniachia goti. Aligeuza kichwa tu, akawafokea wazee wazima: "Msimsalimie dereva wangu! Yuko kazini! Salamu nileteeni mimi." Akina mama wa kwaya wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, na yeye pia hakucheka.

Pedali ikasimama. Baba akatoka chini, akamwambia Mama ajaribu, akajaribu mwenyewe, safari hii bila kupampu, mkanyago mmoja tu. Jiwe. Akavaa koti lake juu ya shati lililochafuka, tukaingia Lyamba.

Kwenye kona ya tatu, ile ambayo lori linaonekana chini yake, tulikuta ng'ombe. Kundi zima, barabara imejaa, mchungaji yuko nyuma kabisa anakimbia na fimbo. Baba alikanyaga. Nilisikia tairi zote nne zinauma changarawe, mablanketi na watu wa nyuma wakaja mbele wakagonga kioo, na gari likasimama. Ng'ombe mmoja mweusi alikuwa ameweka pua juu ya boneti yetu, anapumua. Shangazi akasema, "Yesu na Maria," polepole. Baba alifungua mlango, akashuka, akaenda kukojoa, akarudi. Tulifika harusini watu wakiwa wametoka kanisani. Baba aliwaambia ni breki tu, akaishia hapo, na siku zote za maisha yake hakulisema tena.

Jioni Mama aliponiogesha aliona goti. Lilikuwa na alama za vidole, nne juu na kimoja upande, zimegeuka bluu. Akauliza, nikamwambia Shangazi. Na kwa miaka mingi ndivyo nilivyoisimulia habari hii kwa wenzangu shuleni na hata chuoni, wakicheka: siku Shangazi yangu aliponifinya goti kwa hasira kwa sababu niliharibu breki. Niliamini hivyo kabisa. Hata baadaye alipokuja nyumbani na kunikuta natwanga au nafua, akasimama kando kimya mpaka nimalize ndipo aje nimwamkie, nilidhani amenichoka, hataki tena salamu zangu. Niliumia, nikawa namkwepa.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, siku niliyompiga mwanangu mkubwa kofi kwa kosa ambalo baadaye niligundua lilikuwa langu. Nilimtafuta uani. Nilitaka kumwambia. Maneno hayakutoka, sikuwahi kuyasikia kwa mkubwa yeyote nikiwa mdogo, ningeyatoa wapi? Nilichoweza ni kumshika bega, nikamshika kwa nguvu mno, na yeye akakunja uso akidhani bado nina hasira. Nikauona uso ule, nikakaa chini pale pale uani.

Mwanamke asiye na mtoto husalimiwa na watoto wa wenzake. Ndicho pekee alichokuwa akitudai Shangazi Yustina, na siku ile, kwenye ukingo wa Lyamba, mbele ya watu, alikiacha. Kisha akakiacha tena kila alipokuja na kunikuta nina kazi, akisimama juani na kikapu chake, akingoja. Kwetu mkubwa hamwombi mtoto radhi kwa mdomo. Yeye aliniomba kwa njia aliyokuwa nayo, na mimi nikawa nawasimulia watu kwamba alinifinya.

Amelala Kaengesa sasa, na nimekwenda mara nyingi. Nachuchumaa, napiga makofi, nasema shikamoo. Halafu namwambia, Shangazi, goti halikuuma.